Je, Wajua? Farasi wa d4 na Ngwala ya Shilingi Moja

Mchezo wa sataranji unapoanza, mweupe ana hatua 20 tu za kuchagua. Kumi na sita ni za vitunda, zile kete ndogo nane za mstari wa mbele, kila kimoja kikiweza kusogea mraba mmoja au miwili. Nne zilizobaki ni za farasi. Malkia, maaskofu, ngome na mfalme wote wamezibwa na watu wao wenyewe. Farasi peke yake ndiye anayeruka vichwa vya wenzake na kuingia uwanjani kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo mchezaji anayetaka kumshtua mwenzake mapema, kahawa ikiwa bado ya moto, mara nyingi hushika farasi. Na swali linaloulizwa popote sataranji inapochezwa ni hili: farasi wa mpinzani akitua mapema mahali ambapo hukumtarajia, umjibu vipi?

Kwanza tukubaliane namna ya kutaja miraba. Safu za wima zinaitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa mweupe, na mistari inahesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Mfalme mweupe huanzia e1, mweusi e8. Kama una ubao karibu, uandae, maana haya hueleweka vizuri zaidi mkono ukiwa juu ya kete.

Je, wajua kwamba ipo hila moja ya farasi iliyopewa jina la shilingi? Inatokea katika Ufunguzi wa Kiitaliano, ambao karibu kila anayejifunza sataranji huupitia. Mweupe anasogeza kitunda hadi e4, mweusi anajibu kwa kitunda e5. Mweupe anatoa farasi f3 kukishambulia kitunda hicho, mweusi anatoa farasi c6 kukilinda. Mweupe anamleta askofu c4. Mpaka hapo kila kitu ni cha kawaida. Ndipo mweusi, badala ya kutoa kete nyingine, anamchukua farasi yuleyule wa c6 na kumpeleka d4, katikati ya uwanja. Kitunda cha e5 kimebaki hakina mlinzi. Farasi mweupe wa f3 anakitazama, na hakuna anayemzuia.

Hapo ndipo mkono huponyoka. Farasi mweupe anakula kitunda e5, na sasa anatishia pia f7, mraba dhaifu kuliko yote upande wa mweusi kwa sababu mlinzi wake ni mfalme peke yake. Mweusi anajibu kwa malkia g5. Malkia huyo anashambulia vitu viwili kwa mpigo: farasi wa e5 na kitunda cha g2. Mweupe anaona nafasi nzuri zaidi ya kulipiza: farasi anakula f7, na kutoka hapo anamtishia malkia wa g5 na ngome ya h8. Anadhani ameshinda. Malkia mweusi anakula g2 na kuishambulia ngome ya h1. Ngome inakimbilia f1. Malkia anakula kitunda e4 na kumtishia mfalme. Mweupe anaweka askofu e2 kumkinga mfalme wake, na farasi mweusi, yule aliyekuwa akisubiri d4 muda wote huu, anaruka hadi f3. Mchezo umekwisha. Askofu wa e2 hawezi kumla farasi kwa sababu akiondoka anamfunua mfalme kwa malkia wa e4. D1 pamekaliwa na malkia mweupe mwenyewe, f1 na ngome, d2 na f2 na vitunda. Mfalme amefungwa na watu wa nyumbani kwake. Hatua saba tu.

Je, wajua neno linaloitambulisha hila ya namna hii katika lugha za Ulaya limetoka wapi? Ni neno la Kiitaliano, gambetto, lenye asili katika kumtega mtu kwa mguu ili aanguke, kama wafanyavyo wapiga mieleka. Kasisi wa Kihispania Ruy López aliliingiza katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561, na tangu hapo hutumika kwa mchezo wowote ambapo unatoa kete kwa makusudi ili umvute mpinzani. Kiswahili hakina haja ya kulikopa neno hilo. Tunalo letu: kumpiga mtu ngwala. Kitunda cha e5 ndicho mguu uliotegwa, na anayekimbilia kukila ndiye anayeanguka.

Jina la shilingi linatokana na Joseph Henry Blackburne, Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1841. Alianza na drafti akiwa mtoto, akahamia sataranji baada ya kusikia sifa za Mmarekani Paul Morphy, na baadaye akawa miongoni mwa wachezaji wakali wa zama zake. Mashindano ya Vienna ya mwaka 1873 ndiyo yaliyompatia jina la kutisha la Mauti Meusi. Alikuwa akizunguka Uingereza akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja, mara nyingine akiwa amefumbwa macho. Inasimuliwa kwamba katika mikahawa aliwatoza wageni shilingi moja moja kwa kucheza nao, na kwamba farasi wa d4 ndiye aliyemkusanyia fedha hizo haraka haraka.

Hadithi tamu. Lakini hakuna mchezo hata mmoja uliorekodiwa wa Blackburne unaojulikana wenye hila hii. Anayethibitika kuitaja mapema ni Wilhelm Steinitz, bingwa rasmi wa kwanza wa dunia, aliyeiandika mwaka 1895 katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha mafunzo. Mwaka 1911 ilichezwa katika mashindano ya ubingwa wa New Zealand. Mwaka 1912, mjini Köln, Mserbia Boris Kostić alimfunga mpinzani wake kwa hatua zilezile saba nilizozieleza, na ndiyo maana wengine huiita kwa jina lake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina la haki zaidi, ingawa sioni likiishinda shilingi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki shilingi hiyo ina ladha ya nyumbani. Zama za Blackburne, shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Waingereza waliiacha mwaka 1971 walipobadili hesabu ya fedha zao. Kwetu ilikuwa imeshaingia mwaka 1921, shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi ya florini, na mpaka leo Kenya, Tanzania na Uganda zinahesabu kwa shilingi. Kumbuka mwaka huo wa 1921. Utarudi baada ya muda mfupi.

Sasa jibu. Steinitz alilitoa zamani, nalo halijazeeka: mle farasi, usile kitunda. Farasi wa f3 anamla farasi wa d4, kitunda cheusi cha e5 kinalipiza kwa kula d4, kisha mweupe anamwingiza mfalme wake ngomeni upande wa kulia, yaani kwa hatua moja mfalme anakwenda g1 na ngome inaruka hadi f1. Tazama ubao baada ya hapo. Mweusi amesogeza farasi mara mbili, na farasi huyo hayupo tena. Upande wake hakuna kete kubwa hata moja iliyotoka. Mweupe ana askofu mzuri c4, mfalme salama na ngome karibu na katikati. Hakuna aliyepoteza kitunda, lakini mweupe yuko mbele kwa muda, na mwanzoni mwa sataranji muda ni mali.

Steinitz alipendekeza pia kumwingiza mfalme ngomeni mara moja, kabla ya kula chochote. Hilo nalo linavunja hila yote, kwa sababu ngome inahamia f1 mapema na malkia mweusi akila g2 ataliwa na mfalme. Njia ya tatu, ambayo wengi huipenda kwa urahisi wake, ni kusogeza kitunda c3 na kumuuliza farasi anakusudia nini. Akila f3, malkia mweupe analipiza na papo hapo anatishia kumfunga mfalme kwenye f7 akisaidiana na askofu.

Na kama mkono umeshaponyoka, kitunda cha e5 kimeliwa na malkia mweusi amefika g5? Wengi hapo hukata tamaa au huendelea na pupa kwa kula f7 kwa farasi. Kumbe ipo njia. Mle f7 kwa askofu, si kwa farasi. Mfalme mweusi anatishiwa, hawezi kumla askofu huyo kwa kuwa farasi wa e5 anamlinda, basi lazima atoke. Akitoka kwenda e7, ingiza mfalme wako ngomeni. Malkia atakula farasi wa e5, nawe utabadilishana askofu wa f7 na farasi wa g8, kisha usogeze kitunda c3 kumfukuza farasi wa d4, na baada yake kitunda d4 kumfukuza malkia. Umetoa kete moja kubwa ukapata vitunda viwili, katikati ni yako, na mfalme wa mweusi amesimama mlangoni bila ukuta na hataweza tena kuingia ngomeni. Kwa mtu aliyetegwa, huo ni wokovu mkubwa.

Kuna jambo moja kuhusu farasi linalosaidia sana kumkabili popote alipotua. Kila anaporuka hubadilisha rangi ya mraba: kutoka mweusi kwenda mweupe, kutoka mweupe kwenda mweusi, bila kukosa. Mraba wa d4 ni mweusi, kwa hiyo farasi aliye hapo anaweza kugusa miraba myeupe tu. Katika hiyo, mitatu iko karibu na mfalme mweupe: c2, e2 na f3. Kwenye c2 angemtishia mfalme na ngome ya a1 kwa pamoja. Kwenye f3 umeona alichofanya. Kabla ya kujibu hatua ya ajabu ya farasi, hesabu miraba ya rangi iliyo kinyume na aliyosimama, tafuta iliyo karibu na mfalme wako, na uone nani anailinda. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika.

Usidhani pia kwamba farasi kwenda d4 ni ulaghai kila mara. Mwingereza mwingine wa zama hizo, Henry Bird, alikuwa akimpeleka farasi hukohuko baada ya askofu mweupe kwenda b5 badala ya c4, na mchezo wake bado unaheshimiwa. Akiba Rubinstein wa Poland, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alifanya hivyo farasi wote wanne wakiwa wameshatoka na askofu akiwa b5, na mpaka leo magwiji hutumia njia yake. Tofauti ni kwamba askofu wa b5 hatazami f7. Farasi yuleyule, mraba uleule, lakini jirani amebadilika na hukumu imebadilika naye.

Turudi mwaka 1921. Shilingi ikiingia mifukoni Nairobi na Dar es Salaam, mjini Budapest Mrusi Alexander Alekhine alikuwa akicheza na Mhungaria Endre Steiner. Steiner alifungua kwa kitunda e4, na Alekhine akajibu kwa farasi f6, hatua ambayo wakati huo ilionekana ya kumkaribisha mwizi ndani. Katika ufunguzi huo, kwa kawaida kitunda cha e4 kinasogea e5 na kumfukuza farasi. Farasi anakwenda d5. Kitunda cha c kinamfukuza tena, anakwenda b6. Farasi amecheza mara tatu bila kula kitu, na mweupe amejaza katikati vitunda.

Hapo ndipo penye siri. Kitunda ndicho kete pekee ya sataranji isiyorudi nyuma. Farasi aliyefukuzwa anaweza kurudi kesho; kitunda kilichomfukuza hakitarudi kamwe, na mraba kilichouacha hakitaulinda tena. Kadiri mweupe anavyoendelea kumfukuza farasi, ndivyo ukuta wake unavyotanuka, na kilichotanuka sana kina nyufa. Alekhine alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1927 kwa kumshinda José Raúl Capablanca wa Kuba, akafariki Ureno mwaka 1946 akiwa bado bingwa, na ufunguzi wa farasi wa f6 unabeba jina lake. Mwaka 1972 mjini Reykjavik, Bobby Fischer aliutumia dhidi ya Boris Spassky katika mchezo wa 13 wa pambano lao la ubingwa, na akashinda baada ya hatua 74.

Ukikutana na farasi wa f6, mfukuze mara moja kwa e5, weka kitunda kingine d4, kisha acha kukimbiza. Toa farasi f3. Wapo wanaosukuma vitunda vinne mfululizo, na mchezo huo ni mkali kweli, lakini unadai kujua hatua nyingi kwa moyo. Kwa mchezaji wa kawaida, vitunda viwili vilivyolindwa vizuri vina thamani kuliko vinne vilivyotapanyika.

Je, wajua kwamba kuna funguzi mbili za farasi zenye majina ya kikemia? Katika uandishi wa sataranji wa Kiingereza, farasi huandikwa kwa herufi N. Farasi akianza kwa kwenda a3, hatua huandikwa Na3, na Na ni alama ya sodiamu. Basi wanauita ufunguzi wa Sodiamu. Akianza kwa kwenda h3 huandikwa Nh3, na NH3 ni amonia. Zote mbili hazina sumu. Farasi aliye c3 au f3 anagusa miraba minane. Aliye a3 au h3 anagusa minne tu. Jibu lake ni kuchukua katikati kwa vitunda d5 na e5 na kuendelea na shughuli zako.

Lakini pembeni nako si pabaya siku zote. Mjerumani Siegbert Tarrasch, mwalimu mkali aliyechukia farasi wa pembeni, aliichukia pia hatua nyingine ya mapema. Katika Ufunguzi wa Kiitaliano, mweusi akiwa ametoa farasi wote wawili, c6 na f6, farasi mweupe wa f3 huruka hadi g5 kuishambulia f7 pamoja na askofu. Tarrasch aliiita hatua ya mchezaji asiyejua kazi. Hata hivyo imewaangusha watu tangu siku za Mwitaliano Giulio Cesare Polerio, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mweusi hufanya vema kusogeza kitunda d5 kuziba njia ya askofu, mweupe anakila kwa kitunda, na hapo ndipo wengi hukosea: wanalipiza kwa farasi wa f6. Farasi mweupe anajitoa mhanga kwenye f7, mfalme anamla, malkia mweupe anakuja f3 akimtishia, na mfalme analazimika kutembea mpaka e6, katikati ya uwanja, ili kumlinda farasi wake wa d5. Waitaliano wanauita mchezo huo kipande cha ini.

Jibu lililopimwa kwa muda mrefu kuliko yote ni kuacha kulipiza na kumpeleka farasi wa c6 hadi a5, pembeni kabisa. Anamshambulia askofu wa c4, na askofu akiondoka au kumtishia mfalme kutoka b5, shambulio la f7 limekatika. Mweusi amepoteza kitunda kimoja, na badala yake anapata kete zinazotoka haraka na mpinzani anayerudi nyuma. Farasi aliyechukiwa na Tarrasch ndiye anayemwadhibu farasi mwingine aliyechukiwa naye.

Leo jioni, ukipata wa kucheza naye, mwonyeshe farasi wa d4. Mchezeni mara ya kwanza kwa hatua zile saba mpaka mfalme afungwe, ili macho yazoee. Kisha rudisheni kete mpaka hatua ya nne, mbadilishane pande, na safari hii mweupe ale farasi badala ya kitunda na kuingiza mfalme ngomeni.